Dawa Yangu na Migongo ya Wanaume

Ugonjwa wangu una jina refu ambalo daktari wa Kigali alilitamka kwa Kifaransa, kisha akanihurumia akaeleza. Mishipa inayopeleka damu kwenye mapafu imebana, presha imepanda humo ndani, na moyo unasukuma mpaka unachoka. Presha ya mkononi, ile anayopimwa kila mtu, kwangu ilikuwa nzuri tu. Ndiyo maana kwa muda mrefu majirani zangu wa Kamembe waliamini kwamba mimi ni mvivu. Nikipanda kutoka ziwani nikasimama kuvuta pumzi, walisema nimelelewa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nimezoea pikipiki.

Daktari huyo aliniandikia sildenafili, asubuhi, mchana na jioni. Ni dawa ileile ambayo wanaume huinunua farmasi kwa sauti ya chini, na daktari hakunificha: kwao inafungua mishipa mahali pengine, kwangu itafungua ya mapafu. Usiruke dozi, akasema, usizidishe, usiache ghafla, na ukipewa dawa nyingine yoyote sema kwanza unakunywa hii. Na usimgawie mtu. Hapo nilicheka. Nani angetaka dawa ya mapafu yangu?

Nilikuwa siwajui wanaume wa Rusizi, wilaya yetu. Wifi yangu alinisindikiza farmasi mara moja, akasikia jina la dawa, na kabla wiki haijaisha nyumba yangu ikaanza kupata wageni. Wa kwanza alikuwa jirani, mwimbaji wa kwaya, mtu wa heshima zake. Alikuja na sahani ya sambaza, visamaki vya ziwa letu, kutoka kisiwa cha Nkombo, akaketi, akasifu mapazia yangu.

"Maman, niko naumwa mugongo," akasema mwishowe. "Banasema uko na kadawa kazuri."

"Mugongo, muende ku santé, dokta abaangalie, Papa."

"Unipatiye kamoya tu."

Nilimwambia hapana, na sambaza nikazikaanga. Baada yake akaja mwingine na mchele wa Bugarama, mwingine na ndizi. Wote migongo. Kwetu kumnyima mtu aliyekuja na kitu mkononi ni kama kumtukana, nao walilijua hilo vizuri, ndiyo maana hakuna aliyekuja mikono mitupu. Mume wangu alicheka mpaka akajifuta machozi.

Aliacha kucheka mzigo wa dawa ulipochelewa kutoka Kigali. Niliishiwa. Alinikuta nimekaa kizingitini, midomo imebadilika rangi, ndoo ya maji mbele yangu na sina nguvu ya kuiingiza ndani. Dawa ilipofika nilitaka kumeza mbili pamoja ili nifidie, akanikumbusha maneno ya daktari, nikameza moja. Siku hiyo nilikasirika kweli. Kidonge ambacho mwanaume anataka kwa starehe yake ya usiku mmoja, kwangu ni pumzi ya mchana mzima. Aliyefuata na mgongo wake nilimjibu mlangoni, na kikapu chake akarudi nacho.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Gikundamvura. Yeye hakuleta kitu. Alikaa, akashusha sauti.

"Papa yenu amenituma. Anasema umupatiye ile ya mugongo. Mbili tu."

Baba mkwe ni mtu ambaye sijawahi kumwambia hapana. Mbele yake mke wa mtoto wake huinamisha macho, hataji hata jina lake. Lakini mzee huyo ana ugonjwa wa moyo. Mfukoni hubeba vidonge vidogo ambavyo huweka chini ya ulimi kifua kikimkamata, na daktari wangu alinionya mapema kwamba dawa hizo na yangu hazikutani katika mwili mmoja. Presha inaanguka ghafla, na mtu anaweza asiamke. Nilimweleza mama mkwe, akatikisa kichwa. Akaniambia hawezi kurudi kwa mumewe na jibu kama hilo.

"Basi nitalipeleka mwenyewe," nikasema.

Tulikuta mzee ameketi uani na wadogo zake wawili, wanakunywa pombe ya ndizi. Nilimsalimia kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kisha nikainua macho.

"Papa, ile dawa siwezi kubapatia. Si ya mugongo, na siye bote tunajua. Na muko na ile ya kuweka chini ya lulimi. Zikikutana, munaweza kufa siku ileile. Muulize dokta mwenye alibapatia ya moyo."

Mdogo wake mmoja alikohoa. Mwingine akatazama chini. Mzee alisimama, akaikamata fimbo yake.

"Unanipatisha haya mbele ya bandugu yangu?"

"Ndiyo, Papa. Nikibaambia mukiwa peke, mutaenda kuitafuta fasi ingine. Sasa bandugu banajua. Batabachunga."

"Toka kwangu!"

Nilitoka. Sikuomba msamaha, na sijauomba mpaka leo. Kwenye lango niligeuka, kwa sababu nilikuwa sijamaliza.

"Munichukie, Papa. Lakini munichukie mukiwa bazima."

Ukoo ulinisema. Mke gani anayemtaja baba mkwe na mambo ya kitandani hadharani? Wifi alisema Bukavu ndiyo iliyoniharibu. Niliwaacha waseme, nikaendelea kunywa dawa yangu saa zake, bila kujificha, hata mezani kwao.

Mwezi uliopita tulikuwa na harusi ya mpwa wa mume wangu. Baba mkwe alifika akiwa amevaa koti lake la sherehe, akasalimia mstari mzima, mmoja mmoja, mpaka watoto wadogo. Aliponifikia mimi aliangalia pembeni, akapita, akapanda ngazi zote za kanisa kwa miguu yake mwenyewe.