Nilimpoteza mama mkwe kijijini Ufaransa, na chanzo kilikuwa choo

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma kimya kimya, nacheka nyuzi zenu halafu napita. Leo naweka yangu. Yametokea kweli, mwezi wa tano, na mhusika mkuu ameshapanda ndege kurudi Marangu, kwa hiyo naandika nikiwa na usalama kidogo.

Naishi Rågsved, kusini mwa Stockholm. Naendesha basi. Mke wangu Aika ni nesi, binti yetu Manka ana miaka kumi na moja. Nyumba ni vyumba viwili, sebule, na choo kimoja.

Hicho choo kimoja ndicho kilichotupeleka Ufaransa.

Mama mkwe alikuja kututembelea kwa miezi mitatu. Yeye Mchaga wa Marangu, mimi mtoto wa Tanga mjini. Alitamani mkwe wa kule kule mlimani, akapewa mimi. Hakugomba wala nini. Alinyamaza tu. Miaka kumi na mbili hajawahi kuniambia zaidi ya "marahaba", "salama" na "Mungu akubariki", na wakuu, ukimya wa mama mkwe ni mzito kuliko kelele zake.

Sasa pata picha. Natoka bafuni na taulo, mama mkwe huyu hapa mlangoni na kanga yake, anasubiri zamu. Wote tunageukia ukuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Kila asubuhi. Wiki tatu mfululizo.

Mchana alikuwa anakaa dirishani ghorofa ya tatu akiangalia wafanyakazi wa manispaa wakikata nyasi na kuziacha pale pale. Siku moja nilimsikia anamwambia Aika, "Majani yote haya, na hakuna hata mbuzi mmoja?" Kwa uchungu, kama mtu anayeangalia chakula kinamwagwa.

Mimi akili yangu ilikuwa chooni. Sikukuu ya Kupaa ilikuwa inakaribia, ile ambayo huku watu wanaunganisha siku wanapata mapumziko marefu. Nikaingia mtandaoni, nikaona nyumba ya kukodi Ufaransa, mkoa wa Limousin, shamba kabisa. Ya mawe, bustani, maua. Na tangazo linasema: vyoo viwili.

Nikabook bila kumuuliza mtu. Nikatangaza mezani kama waziri: "Mama, nakupeleka Ufaransa."

Akasema, "Salama."

Kifaransa nilifundishwa na rafiki yangu Papa Dido, Mkongo anayeishi Fittja, tunaendesha naye basi. Alinipa sentensi sita. Nilijiona nimeiva.

Tukaruka mpaka Paris, tukachukua gari la kukodi, masaa matano barabarani. Nyumba ilikuwa nzuri kweli, sidanganyi. Kuta nene, jikoni pana, vilima vya kijani mpaka macho yanachoka. Choo cha pili kilikuwa kibanda cha mbao uani, na buibui walikuwa wameshahamia na familia zao.

Aika alicheka mpaka akakaa chini. Mama mkwe alikiangalia, akaangalia vilima, akavuta pumzi ndefu. Nikadhani amekasirika.

Siku ya tatu ndiyo yenyewe.

Aika na Manka waliondoka na gari kwenda mjini kununua mahitaji. Kabla hajawasha, Aika akanishika mkono. "Baba Manka, nakuachia mama yangu. Masaa mawili tu. Utaweza?"

"Kwani mtoto huyo?" nikajibu.

Nikamkaribisha mama kiti cha bustanini, nikamletea chai. Kukaa naye sikuweza, adabu na uoga vilikuwa vimechanganyika, nikaingia ndani kujifanya naosha vyombo. Nimeosha sahani nne kwa dakika arobaini, bomba likipiga kelele na mgongo nimeupa mlango.

Natoka, kiti kitupu. Chai imebaki nusu.

Nikaita, "Mama?" Kimya. Nikagonga kile kibanda cha uani kwa heshima zote. Hamna mtu. Chumbani hamna. Jikoni nikaona kitu cha ajabu: chupa yetu ya mafuta ya kula, iliyokuwa karibu na jiko, haipo.

Nikajiuliza, mtu anayetoroka anabeba mafuta ya kula?

Simu yake iko kitandani. Ana miaka sitini na nane, Kifaransa hajui hata neno, hati yake ya kusafiria iko mfukoni mwangu.

Kulikuwa na baiskeli ya mwenye nyumba. Nikairukia, nikateremka barabara ya kuelekea mtoni, maana ukiogopa unaanza na maji. Wakuu, kama mnataka kutalii mashamba ya Ufaransa vizuri, potezeni mtu. Nimeuona mto, maji meupe juu ya mawe. Nimeona sehemu ya zamani ya kufulia nguo yenye paa la vigae. Nimepita msitu wa miti mikubwa inayofunika barabara yote, nimeingia kanisa dogo ambalo ndani lilikuwa na kiti kimoja na paka. Kila mahali nafungua mdomo kuita "Mama!" na ni ndege tu wanajibu.

Njiani nikakutana na mzee na mbwa wake. Nikatoa sentensi zangu. Akanionyesha kwa ukarimu mkubwa njia ya kwenda kwenye duka la mikate. Kumbe nilikuwa nauliza mkate.

Kama kilomita nne hivi, kwenye njia panda, nguvu zikaisha. Nilikaa chini kwenye nyasi nikaona akilini uso wa Aika akishuka kwenye gari. Nikaona na yule mama amekaa dirishani kwangu wiki tatu, na mimi sijawahi hata kumuuliza, mama, unapenda nini?

Nikalia. Nayasema haya kwa sababu humu hamnijui. Nililia kwa sauti, mwanaume wa miaka arobaini na tatu, na kofia ya baiskeli kichwani.

Gari la njano la posta likasimama. Akashuka mama mmoja wa makamo, mnene kiasi, akaanza kuniongelesha. Sikuelewa kitu. Nikampigia Papa Dido.

"Papa Dido, nimempoteza mama mkwe!"

"Eeh? Umemupoteza wapi?"

"Ningejua si ningemchukua?"

"Ndugu yangu, tulia. Umupe ule mama telefone nizungumuze naye."

Nikampa. Wakaongea. Mara yule mama wa posta akaanza kucheka, anajishika kiuno. Akanirudishia simu.

"Anasema ameona mama mumoja amefunga kitambaa cha rangi," Papa Dido akasema, naye anacheka, "yuko kwa shamba ya mzee Lucien, anakokota ng'ombe. Ni nyuma ya nyumba yako, ndugu. Nyuma kabisa."

Mama wa posta akaitupa baiskeli nyuma ya gari, tukarudi.

Nyuma ya uzio wa miti, kama hatua mia mbili kutoka kwenye kile kiti cha bustanini, mama mkwe wangu alikuwa amekumbatia kichwa cha ng'ombe mwekundu. Kanga imejaa mavi. Mzee mwembamba wa miaka kama themanini anammiminia ng'ombe mafuta mdomoni kwa chupa. Chupa yetu.

Ng'ombe alikuwa amekula majani mabichi yenye umande, tumbo limevimba upande wa kushoto kama ngoma. Mama alimsikia analia, akajua. Mzee Lucien naye dawa aliijua vizuri, ila mikono inamtetemeka, yuko peke yake, na daktari wa mifugo alikuwa mbali. Hawakuhitaji lugha. Kila mmoja aliongea yake na mwenzake akaitikia.

"Baba Manka!" mama akaniita. Mara ya kwanza maishani kuniita kwa sauti. "Usisimame kama mgeni. Sukuma ubavu huku!"

Ng'ombe mimi namjua kwenye mishikaki. Nikasukuma. Tukamzungusha, tukamkanda, tukamtembeza mlimani. Ghafla akatoa gesi, mlio mrefu, na harufu sitaielezea. Mzee Lucien akavua kofia. Mama akapiga vigelegele.

Aika alitukuta hivyo. Manka akaziba pua: "Mormor luktar kossa!" yaani bibi ananuka ng'ombe. Bibi akajibu kwamba hiyo ndiyo harufu ya watu wenye maziwa.

Siku zilizobaki hatukumwona nyumbani. Asubuhi anavuka uzio. Mzee Lucien alitupandisha sote kwenye tela la trekta lake, akatuzungusha vijiji ambavyo kwenye ramani havipo. Tulikwenda mnada wa ndama, mama akapita anawatazama meno na kutikisa kichwa, wafugaji wa Kifaransa wakaanza kumfuata wasikie anasemaje.

Siku ya mwisho tulikuwa wawili jikoni, tunafunga mizigo. Akasema bila kuniangalia:

"Yule mama wa posta alinionyesha kwa vidole. Kwamba ulilia."

Nikatamani kibanda cha uani kinimeze.

"Baba yake Aika alinililia mara moja tu, nilipougua malaria," akaendelea, anakunja kanga. "Wewe ni wa pili." Akaitia kanga begini. "Usimwambie Aika. Ataona wivu."

Basi, nilichojifunza ni kidogo: mgeni wako muulize anapenda nini kabla hujamkatia tiketi. Ningeuliza, ningejua mapema kwamba mama hakuwa amenuna. Alikuwa amekosa kazi tu.

Waliowahi kuleta wakwe Ulaya, mliwaweka wapi na mliongea nao nini? Semeni hapa chini. Ila taratibu, Aika naye ni member humu kwa jina ambalo bado silijui.