Jumamosi Niliyomrudia Afande Odong

Cheka ukitaka, wengi wameshacheka. Lakini haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, asubuhi, nikiwa sijanywa hata maji, na akili zangu zote zikiwa kichwani.

Sisi ni kikundi cha wazee wakimbiaji. Kila Jumamosi, swala ya alfajiri ikishakwisha, tunakutana Nakawa, hapa Kampala, tunapita eneo la viwanda, halafu tunapanda kilima cha Kibuli hadi kwenye nguzo ya umeme karibu na msikiti. Kiongozi wetu ni Hajji Twaha, fundi cherehani mstaafu, mwenye filimbi na maneno mengi. Ndiye aliyetuwekea sheria: anayefika wa kwanza hapumziki, anateremka kumrudia wa mwisho. Wa mwisho tunamwita mkia, na hakasiriki. Unakimbia naye bega kwa bega, kwa mwendo wake, ukimsemesha mpaka juu, na chai na katogo, zile ndizi za kupikwa na maini, haviguswi mpaka afike. Ila unamtia moyo kwa mdomo tu. Kumvuta mkono ni marufuku, maana Hajji anataka kila mtu apande kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa miaka mingi mkia wetu alikuwa Afande Odong, polisi mstaafu, mtu wa Lira, mrefu, tumbo likimtangulia. Alifanya kazi na marehemu mume wangu. Mume wangu alipofariki nilijifungia ndani, nikawa mtu wa kitanda na redio, na ni yeye aliyekuja kunigongea mlango akiwa na raba mpya mkononi. "Mama Akello, toka nje," akasema. "Mimi nataka mtu wa kunishinda." Nikatoka. Nikamshinda, nikaendelea kumshinda kila Jumamosi. Kwa hiyo mimi wa kwanza ndiye niliyekuwa namrudia yeye wa mwisho. Tulipiga soga nyingi kwenye kilima kile kuliko nilizowahi kupiga na ndugu zangu. Alihema kama lori la mkaa, huku akinitania kwamba nakimbia kama mtu aliyeiba kuku.

Shida yake ilikuwa kona ya mwisho, chini kidogo ya nguzo. Hapo miguu ilimkatalia, akawa anatembea. "Siku moja mimi nitafika juu na mbio," alikuwa akisema. "Hii kilima bado hajanijua mimi nani."

Ugonjwa wa sukari ukamwondoa kabla ya siku hiyo. Tulimsindikiza mpaka Lira, nikatupa udongo kaburini kwa mkono huu huu.

Sasa sikiliza. Ilikuwa msimu wa mvua, miezi michache baadaye, na ukungu ulikuwa umefunika kilima chote. Nilifika kwenye nguzo wa kwanza, nikamrudia mkia wa siku hiyo mpaka naye akafika, Hajji akapuliza filimbi kuonyesha kwamba tumetimia. Lakini miguu ina mazoea yake. Nikageuka, nikaanza kuteremka.

"Nyabo, mama yangu, unaenda wapi?" Hajji akaniita. "Sisi wote tuko hapa!"

Niliona haya kurudi. Nikasema moyoni, nitashuka kidogo, nipite ile kona, kisha nigeuke.

Nilipoipita kona nikamwona. Afande Odong, na fulana yake ya kijani iliyopauka, taulo shingoni, anapanda taratibu kama kawaida yake. Unadhani nilipiga kelele? Niamini, nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

"Mama Akello, leo umechelewa sana," akasema. "Mimi nafikiri mumeniacha."

"Nani akuache, afande? Haya, twende. Mdogo mdogo."

Tukaanza kupanda. Nikampa habari zote: mjukuu wangu amepata kazi Wandegeya kwenye duka la kuchapisha, Hajji ameikalia filimbi yake ikavunjika, akanunua nyingine yenye kelele zaidi. Akacheka sana. Hapo ndipo mwili uliponisisimka. Mtu yule alikuwa anapanda kilima, anaongea, anacheka, na hahemi. Niliizoea pumzi yake miaka yote hiyo, na sasa nilisikia yangu tu. Tope jekundu lilikuwa limenifika magotini, lakini raba zake zilikuwa safi kabisa.

Ningeweza kukimbia, mwenye mbio si mimi? Lakini tulikuwa tumefika pale pale panapomshinda. Akasimama, akanitazama.

"Mama Akello, nipe mkono. Kidogo tu. Mimi nimechoka kubaki hapa."

Hakuwahi kuniomba hivyo akiwa hai. Wewe ungefanya nini? Sheria nilikuwa naijua, na nilikuwa najua niko na nani. Nikampa mkono wa kulia. Wake ulikuwa wa baridi, na mzito kuliko gunia la mahindi. Tukaipita kona mbio, yeye akicheka, mimi nikilia na kumpigia kelele, "Kaza, afande! Kaza, kilima kimekwisha!" Nikahisi mkono wake ukinyooka kuelekea kwenye nguzo, halafu vidole vyangu vikabaki peke yavyo.

Wenzangu walikuwa wamesimama kwenye nguzo. Waliniona nikitoka kwenye ukungu bila mtu, mkono nimeunyoosha pembeni, bega limeelemewa. Hajji akauliza kwa sauti ya chini, "Banange, jamani, nyabo, ulikuwa unaleta nani?"

Nikamwambia. Akasoma dua kimoyomoyo. Kisha akaanza kupiga makofi, polepole, kama tunavyompigia mkia kila anapofika, na wengine wakamfuata.

Tangu siku ile mbio zimenitoka. Daktari amepima moyo, damu na magoti, anasema mimi ni mzima. Lakini miguu ni mizito, na pale kwenye kona inakataa kabisa. Mkono wa kulia haupati joto hata nikishika kikombe cha chai. Mkia sasa ni mimi. Hajji, niliyezoea kumwacha mbali, ndiye anayeteremka kunirudia. Ananisemesha mpaka nacheka, ila hanigusi. Anaogopa, na ana haki.

Kwa hiyo wewe unayekimbia na wenzako, warudie wakiwa hai, uwasemeshe sana, hujui zimebaki Jumamosi ngapi. Na ukimkuta mtu kilimani anaongea bila kuhema, mpe maneno yote uliyo nayo, lakini mkono usimpe, hata akuombe vipi, hata awe mtu wako wa karibu. Mimi nilimpa, na sasa natembea pale alipokuwa akitembea yeye. Simlaumu mtu. Afande wangu alifika juu, tena kwa mbio.