Tuliziba mlango wa ndani ili nyumba ya Mji wa Kale iuzike

Wakuu, salaam aleikum na poleni na mihangaiko.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa nadra. Leo nina langu. Majina nimeyabadilisha kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na kila mtu ana simu, lakini yaliyobaki ni kama yalivyotokea. Uzi wenyewe si wa kufurahisha, nawaambia mapema.

Mimi ni mtu wa miaka ya arobaini. Nilimaliza form four nikaondoka Mombasa, na tangu hapo sijakaa mahali nikatulia. Dar, Salalah, Juba, Lubumbashi. Kote nilikokwenda niliwasimulia watu nyumba yetu ya Mji wa Kale. Ngazi ya mbao, roshani, harufu ya udi siku ya Ijumaa.

Ni nyumba tamu sana ukiwa Juba.

Nikarudi nikakuta mama yangu, Bi Zuhura, hashuki tena. Magoti yamekwisha. Ngazi yetu ni ya zamani, imesimama wima kama ya kupandia mnazi, na kamba ya kushikia pembeni. Dada yangu Rukia, ambaye ndiye anayekaa naye, aliniambia mara ya mwisho mama kukanyaga barabara ilikuwa ni kwenda hospitali, na kupandishwa tena ilikuwa kazi ya wanaume watatu na kelele nyingi.

Mtauliza kwa nini asihamie chini. Chini ni stoo, imekodishwa tangu enzi za marehemu baba kwa Mhindi mmoja muuza viungo, mtu mwema, na kodi yake ndiyo chakula cha mama. Halafu ukuta wa chini unanyonya maji mwaka mzima, na mama ana pumu.

Mtauliza tena kwa nini tusimpangie pengine. Hilo tulimwambia. Akasema, "Mwenye nyumba hapangi. Wataka watu waseme Zuhura amefukuzwa kwake?"

Basi tukaamua kuuza. Tuuze, tununue nyumba ndogo ya chini upande wa Kisauni, yenye ua, mama atoke nje aote jua. Hilo tu ndilo tulilotaka. Rukia alikubali, mama alikubali, mimi nilikubali kabla ya wote. Nilidhani ni jambo la miezi michache.

Wakuu, kuuza nyumba Mji wa Kale wakati huu ni adhabu.

Dalali wetu, nimwite Mbwana, alileta watu wengi mwanzoni. Wanapanda, wanashika mbao, wanapiga picha roshani, wanakunywa kahawa ya Rukia. Kisha maswali ni yale yale. Gari linafika wapi? Halifiki. Naweza kubomoa nikapandisha ghorofa nne? Huwezi, mtaa unalindwa, hata rangi ya dirisha unaomba ruhusa. Mtu anashukuru, anashuka, simu yake haishiki tena.

Tukapunguza bei. Tukapunguza tena. Mbwana akatuambia tusipunguze tena, watu watadhani kuna jini.

Siku moja nikamlalamikia kwamba amekuwa haji. Akanijibu, "Ndugu yangu, nyumba ni kama mwari. Ikitizamwa na wengi bila posa, mtaa waanza kuuliza ina kilema gani."

Nikamwuliza kilema chetu ni kipi.

Akasema, "Mlango."

Hapa inabidi nieleze kwa wasiojua. Nyumba nyingi kule zimeshikana kuta. Zamani wanawake hawakuwa wakitoka ovyo barabarani, kwa hiyo majirani waliopatana walitoboa ukuta huko juu ghorofani wakatia mlango, wake zao wakawa wanatembeleana bila kushuka. Wetu ulikuwapo kabla sijazaliwa. Upande wa pili anakaa Bi Shamsa, shoga yake mama tangu wakiwa wasichana.

Kila asubuhi Bi Shamsa alikuwa akiingia na mahamri yake. Hapigi hodi. Redio walikuwa nayo moja, ya mama, kwa sababu ya Bi Shamsa iliharibika na hakuona haja ya kuitengeneza. Wanasikiliza matangazo ya vifo, halafu wanabishana marehemu alikuwa mtoto wa nani na aliolewa wapi. Baada ya alasiri mama naye anajikongoja, anavuka kizingiti, anakwenda kukaa dirishani kwa Bi Shamsa, kwa sababu dirisha la kule linaona njia panda na letu linaona ukuta.

Huko ndiko kutoka kwake. Hakuwa na kwingine.

Basi akapatikana mnunuzi wa kweli. Nimwite Faiz, mtu wa pwani aliyekaa Ughaibuni, anataka kufanya guest house. Alikuja mara tatu. Alipima vyumba kwa futi yake mwenyewe. Bei hakubishana sana. Akasema jambo moja tu: wakili wake hawezi kuandika mkataba wakati jirani ana njia ndani ya nyumba, kesho atadai ni haki yake. Zibeni ukuta, nikija nione umezibwa, tunakwenda kwa wakili.

Nilimwelewa. Hata mimi ningesema hivyo.

Tulikaa na mama tukamweleza. Bi Shamsa alikuwapo, maana alikuwapo siku zote. Mama akamwangalia mwenzake.

"Shamsa, wasemaje?"

"Mimi nina la kusema? Wewe ndiye waolewa Kisauni."

"Wivu huo."

"Wivu wa nini? Huko kuna mbu."

Walicheka wote wawili. Mama akatugeukia akasema, "Zibeni. Kama hiyo ndiyo njia ya kushuka, zibeni."

Mtoto wa Bi Shamsa, Nassor, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, hakuwa na pingamizi. Nadhani alifurahi, maana alitaka chumba kile cha mpakani akipangishe.

Siku ya fundi, wale wawili walikula chakula cha mchana pamoja upande wetu. Kisha Bi Shamsa akavuka kwake, fundi akang'oa fremu, akaanza kupanga matofali. Mama alisogezewa kiti akakaa kuangalia. Ukuta ulipofika kifuani, Bi Shamsa akachungulia juu yake, akasema, "Zuhura, ukiishiwa chumvi sasa itabidi upande ndege."

Mama akasema, "Nitakutuma wewe. Una miguu."

Fundi alimaliza kabla ya magharibi. Akapiga lipu, kazi safi. Nikapiga picha nikamtumia Faiz. Akajibu, "Mashallah, nakuja wiki ijayo."

Wiki ijayo hakuja. Wiki ya pili akasema anasafiri. Baadaye Mbwana ndiye aliyenipa habari: Faiz amechukua fleti mbili Nyali. Mjenzi alikuwa na jengo zima halinunuliki, akashusha bei mpaka Faiz akaona Mji wa Kale ni kujitafutia kazi. Nilimpigia. Alipokea, aliongea kistaarabu, aliomba radhi. "Biashara tu, ndugu yangu. Hata wewe ungefanya."

Huenda. Hakuwa amelipa kitu, hakuwa ametia sahihi popote. Sina la kumshitakia.

Nikamwendea Nassor kumwambia tubomoe, turudishe mlango. Akanipeleka juu akanionyesha. Chumba kimepigwa rangi, kuna kitanda, kuna kabati limesimama palepale penye mlango, na mpangaji amelipa miezi mbele. Kijana wa bara, afanya kazi bandarini naye. Nassor akasema, "Umenikuta nimeshapokea pesa za watu. Mngeniambia mapema."

Mapema ningemwambia nini?

Bi Shamsa alijaribu kuja kwa njia ya barabara. Alishuka ngazi yake, akaingia kwetu, akapanda hadi katikati ya ngazi yetu, akakaa pale pale kwenye mbao. Rukia alimkuta anahema, jasho linamtoka. Moyo wake haukuwa mzuri, hilo sisi hatukulijua. Tulimpa maji, akapumzika, akamalizia kupanda, wakakaa mpaka alasiri. Nassor aliposikia akamkataza. Asingekuwa mwanawe ningesema ni mkali, lakini nadhani hata mimi ningemkataza mama.

Ikabaki simu. Bi Shamsa masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo mama anapiga kelele, na yule mzee wa viungo huko chini akawa anajua habari zote za mtaa. Mama akisema jambo kwenye simu, sauti ya Bi Shamsa ikijibu unaisikia kidogo kupitia ukutani kabla haijafika kwenye simu. Watu wawili walio hatua chache, wanalipa vocha.

Halafu mama akapunguza kupiga. Redio akawa haiwashi. Rukia alimwuliza kwa nini, akasema, "Nisikilize vifo peke yangu?"

Bi Shamsa alifariki asubuhi, wakati wa chai. Hakuna aliyetupigia. Mama ndiye aliyejua wa kwanza. Aliweka kikombe chini akasema, "Walia kule." Mimi na Rukia hatukusikia kitu. Tukasogea karibu na ukuta, tukaweka sikio kwenye lipu, tukasikia.

Mama akasema nimpeleke.

Tulimfunga kwenye kiti cha plastiki kwa leso zake mbili za kujitanda. Mimi nyuma, mtoto wa mzee wa viungo mbele, na jirani mmoja pembeni. Kushuka kulituchukua muda mrefu, na mama hakutoa sauti hata kiti kilipogonga ukuta. Tulipofika chini ya ngazi ya Bi Shamsa tukaona haiwezekani. Ngazi ile ina kona katikati, kiti hakipiti, na wanawake wameshajaa mpaka chini. Ilikuwa ama tumbebe mgongoni au abaki.

Akasema abaki.

Akakaa pale mlangoni, kati ya viatu vya watu, mpaka jeneza liliposhushwa. Nassor aliwaomba wabebaji wasimame kidogo. Mama akanyoosha mkono, akaushika ubao wa jeneza. Alisema kitu lakini sikukisikia, na sikumwuliza. Kisha wakaenda nalo msikitini, sisi tukaanza kazi ya kumpandisha.

Wakuu, tangu siku ile mama hajashuka.

Nyumba bado inauzwa. Iko kwenye status ya Mbwana kila Jumatatu, kati ya ploti za Kikambala na fleti za Bamburi. Juzi alinipigia ana mteja mpya, mtu makini safari hii. Nikamwambia mama. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Na huyu," akasema, "ataka tuzibe nini?"

Nikatoka nikaenda zangu mpaka Makupa na kurudi kwa miguu.

Kama mnataka funzo, la kwanza ni rahisi na wengi wenu mnalijua: usibomoe wala usijenge kwa neno la mnunuzi ambaye hajatoa dipoziti na hajatia sahihi. Soko likiwa baridi, mnunuzi ana milango mia ya kutokea na wewe una mmoja. La pili nilijifunza kwa kuchelewa. Kabla hujaitengeneza nyumba ipendeze kwa anayekuja, muulize anayekaa ndani anaishi na nini humo. Sisi tulimwuliza mama kama anakubali. Hatukumwuliza atabakiwa na nini mauzo yakivunjika.

Sasa tumeacha kusubiri mauzo. Tunatafuta vyumba viwili vya kupanga, vya chini kabisa, visivyo na ngazi, ndani ya kisiwa. Bondeni au karibu na hapo pangetufaa. Mama tulimwambia tukitegemea ile kauli yake ya mwenye nyumba hapangi. Safari hii alisema, "Haya."

Sijui kama amekubali au amechoka.

Mwenye kujua nyumba kama hiyo aniandikie hapa chini. Na aliyewahi kuuza nyumba ya kale akafanikiwa, aseme alifanyaje. Wa kunilaumu pia karibuni, mtakayoandika yote nitayasoma.