Wati Tano na Kitambaa cha Mama

Mama alilipasua gita la Baba kwa shoka, akalitia jikoni, akatupikia maharage. Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa ameondoka na bendi yake kwa treni ya Tabora. Bendi ilimpa gita jipya, hilo la zamani akaliacha limening'inia kwenye msumari ukutani. Tulisubiri mwaka mzima. Hakurudi wala hakutuma salamu, na siku moja Mama akaona kuni zimekwisha. Kila nilipoisimulia habari hii ukubwani niliimalizia hivyo hivyo: tukayala maharage yale sote, Mama akiwa wa kwanza. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Gita lenyewe nalikumbuka kidogo. Kati ya vikazio sita vya nyuzi, kimoja kilikuwa kimevunjika kikabaki kijiti cha chuma, na Baba alikuwa akikizungusha kwa plaizi ndogo aliyoifunga kwa kamba pale kichwani mwa gita. Ile plaizi ilining'inia na kugongagonga ubao hata katikati ya wimbo.

Sasa mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mpanda, nimeshavuka arobaini, na nina gita langu la umeme. Miaka mitatu iliyopita Mama alishindwa na jembe la mpunga kule Mpimbwe, nikamleta akae nami. Aliingia na rozari, ungo wake na sharti moja: "Hicho kitu kisilie nikiwa ndani." Nikakubali. Mtu mzima, na mshahara wangu, na nyumba ninayoilipia kodi mwenyewe, nikawa napiga gita bila kulichomeka popote, nimejifungia chumbani kama mwizi, au nasubiri Mama aende kusali jumuiya. Nilichokitaka kilikuwa kitu kimoja, tena si kikubwa: kupiga gita nyumbani kwangu Mama akiwa amekaa.

Halafu nikaisikia bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Nilikuwa nasahihisha madaftari, simu inacheza yenyewe muziki wa kila aina, mara likaja gita la mtu fulani asiye na haraka. Nilikuwa nimesikia magita maisha yangu yote, ya dansi na ya kwaya, yote yamenyooka na kung'ara. Hili lilikwaruza mwishoni mwa kila noti, kama mtu anayeongea baada ya kulia. Kalamu nyekundu ilinidondoka. Sauti ile nilikuwa naijua. Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akiimba peke yake kwenye majaruba ya mpunga, akidhani sisi watoto tuko mbali hatumsikii.

Nilimpelekea simu fundi redio wa pale sokoni, mzee aliyejifunza kazi hiyo kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo kwa kufungua redio za watu na kuzirudisha zikiwa hai. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Hiyo ni taa, mwalimu," akasema.

"Taa gani?"

Akanieleza kwamba amplifaya za zamani zilikuwa na valvu, taa za kioo zinazowaka rangi ya machungwa na kupata moto mkali, na kwamba mpaka leo bado zinatengenezwa kwa ajili ya wapiga gita wasiosikia la mtu. Ukiipa taa kazi ndogo inatoa sauti safi. Ukiibana, ukaipa kazi kuliko uwezo wake, ndipo inapokwaruza hivyo. Nilikuwa tayari nimeona moja mtandaoni, ya wati hamsini, duka la Dar. Nikamwonyesha kwa fahari.

Fundi akaniangalia usoni. "Unataka kuhutubia?"

"Kwani kubwa si ndiyo bora?"

"Hii mpaka uibane ikwaruze, mtaa mzima umehama. Mama yako atakuwa ameshafika Sitalike kwa miguu."

Nilipigwa na butwaa. Kwaya zetu zote hapa hununua spika kwa kuangalia namba kubwa, na mimi nilikuwa nimefundishwa na mazingira hayo hayo. Kumbe kwa sauti niliyoitaka nilipaswa kutafuta udhaifu. Wati tano, akasema fundi. Ya wati tano huelemewa mapema, inakwaruza kabla jirani hajafunga dirisha. Nami kichwani nikaongeza sababu yangu: wati tano hazitamfukuza Mama.

Miezi mitano nilichagua amplifaya kwa makini kuliko watu wanavyochagua wachumba. Kulikuwa na moja nzuri iliyotumika, bei ya kuvutia, lakini ilikuwa ya volti mia moja na kumi, na umeme wetu ni mia mbili na thelathini. Fundi akaniambia nisiiguse, siku nikikosea soketi nimefanya msiba. Kulikuwa na nyingine yenye spika ya inchi nane. Muuzaji alinipigia gita kwenye simu, ikalia kama kopo. Kulikuwa na moja yenye vitufe kumi na tatu na mwangwi wa kanisani ndani yake. Fundi akacheka: mwangwi ninao bure, nyumba yangu ni ya bati. Mwisho nikaangukia ndogo ya wati tano, volti za kwetu, spika ya inchi kumi, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha wembamba na unene. Ndiyo pekee mshahara wa mwalimu uliyoitazama bila kuzimia. Ilikuja kwa mzigo wa basi, imefungwa kwenye godoro la zamani.

Fundi aliikagua, akanionyesha matundu ya juu. "Hapa iache ipumue. Moto wote unatokea hapa." Niliitikia kwa kichwa, kama wanafunzi wangu wanavyoitikia ninapowaambia wasome nyumbani.

Soketi ya kuaminika ilikuwa moja tu, sebuleni. Mama alilitazama lile boksi, akauliza, "Hili nalo linakula umeme?" Nikasema kidogo tu. Nikamwomba, kwa sauti ya mtoto wa miaka saba, anivumilie nusu saa kwa siku, nitapiga polepole. Mama alichukua ungo wake wa mchele akaenda kukaa uani.

Nikapiga. Kitufe kinaanzia sifuri mpaka kumi. Mimi sikuthubutu kupita mbili. Kwenye mbili, taa hata haijui kama inafanya kazi. Ilitoa sauti safi, ya adabu, ambayo ningeipata kwa redio yoyote. Kupitia dirishani nilimwona Mama ananyanyuka na ungo wake kwenda mbali zaidi, mpaka kwenye uzio. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ungo haukuhama.

Wiki ile ile nilimfumania anaipima amplifaya kwa uzi, urefu, upana, anakunja fundo kila kona. Aliponiona akautia uzi mfukoni, akaondoka. Nikajua anaitafutia boksi la kuiondolea. Siku zilizofuata alikuwa akishona kitu, na nilipoingia alikiweka chini ya khanga. Nikimuuliza anasema, "Kitambaa." Nilidhani ni cha altareni, akina mama wa jumuiya hawachoki kushona vya altareni.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa napiga, umeme ukakatika. Nikaliweka gita, nikakimbilia shuleni kusimamia mtihani wa majaribio. Swichi sikuizima. Nani hapa Mpanda, umeme ukikatika, anakumbuka kuzima kitu ambacho kimeshazimika chenyewe?

Nilirudi alasiri. Harufu ilinipokea getini, harufu ya pamba inayoungua na ya kitu kingine kikali zaidi. Nikafungua mlango. Umeme ulikuwa umesharudi: amplifaya ilikuwa inanguruma chini kwa chini, peke yake, na juu yake, imefunikwa gubigubi mpaka ubavuni, kulikuwa na kitambaa kizito cheupe chenye ukingo wa kufuma. Katikati kilikuwa kimegeuka kahawia. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda taratibu kuelekea kwenye picha ya Moyo Mtakatifu. Nilirukia soketi, nikang'oa waya, nikakivuta kile kitambaa na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji mlangoni.

"Nani ameweka tambara hili hapa?" nilipiga kelele.

Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile.

Mama alitokea uani, mikono imelowa. Akaiangalia amplifaya, akaiangalia ndoo. "Niliona limezima," akasema. "Nikasema lisipate vumbi."

"Vumbi! Umeniulia kitu changu, Mama! Miezi mitano!"

Nilisema hivyo. Mimi, ninayewaambia watoto wa watu wasipaze sauti kwa wakubwa. Mama aliifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, akaingia chumbani kwake na kurudishia mlango.

Nikaipakia amplifaya kwenye bodaboda mpaka kwa fundi, nikiwa bado nimefura. Akaifungua. Ile taa kubwa ilikuwa imekuwa nyeupe ndani kama jicho lenye mtoto wa jicho. Alinusa transfoma, akapima, akapima tena. Imepona, akasema. Taa moja tu imekufa, itaagizwa Dar. Nilipomweleza habari ya kitambaa nilitegemea acheke.

Hakucheka. "Mwalimu, kwangu redio imefunikwa. Runinga imefunikwa. Jagi la maji limefunikwa. Kitu kisichofunikwa ndani ya nyumba ni kitu kisicho na maana. Nyie mlikuwa mnaishi wote, ulimwambia mama kwamba hii haifunikwi?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimewauliza wauzaji wa Dar, watu wa mtandaoni, fundi. Mtu pekee aliyekaa na kile kitu kutwa nzima sikumwambia hata neno moja, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba anakichukia. Nilisimama pale kibandani kwa fundi uso unaniwaka aibu.

Nyumbani nilikitoa kitambaa kwenye ndoo, nikakikamua, nikakitandaza juu ya meza. Tabaka mbili za marikani, ukingo wa kufuma, kona zote nne zimekaa sawasawa kwa vipimo vya uzi ule wenye mafundo. Na pembeni mwa alama ya kuungua, limedariziwa gita. Nikatabasamu kidogo, nikidhani ni langu. Kisha nikatazama kichwa chake. Vikazio vitano vilikuwa vya uzi wa njano. Cha sita kilikuwa kijiti cheusi tu. Chini yake, kwa mishono midogo mno, ilikuwa inaning'inia plaizi.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Kwa zaidi ya miaka thelathini Mama hakuwahi kulitaja gita lile.

Nikabisha hodi chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani, rozari mkononi, hasali.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea sana."

"Limekufa?"

"Taa moja tu. Inakuja nyingine."

"Mh."

Nikamwonyesha kitambaa. "Hili gita si langu."

"Nimesema ni lako?"

"Nilidhani ulishalisahau."

"Nimelala nalo chumba kimoja miaka tisa, mwanangu. Nisijue sura yake?" Alikichukua kitambaa, akapitisha kidole kwenye ile plaizi. "Lilikuwa kavu. Halikutoa hata moshi. Maharage yaliiva upesi, mimi nikashindwa kuyala."

"Lakini ulikula, Mama. Ulikuwa wa kwanza kukaa."

"Nilikaa. Nyie ndio mlikula. Mimi nilisubiri mmalize, nikampa kuku sahani yangu."

Maisha yangu yote nimewachekesha watu kwa sahani ile, na sikuwahi kuiangalia.

Taa mpya ilifika, fundi akaipachika, nikairudisha amplifaya mahali pake, wazi. Kitambaa Mama alikitundika ukutani juu yake, na doa lake la kahawia, kwenye msumari aliougongelea mwenyewe. Jioni ile alichukua ungo wake wa mchele. Nikangoja aelekee uani. Akakaa kwenye kochi.

Nikawasha, nikangoja taa ishike moto, nikaweka kitufe kwenye mbili. Nikaanza kupiga polepole.

"Ongeza," akasema Mama, macho kwenye mchele.

Nikafika nne.

"Masikio yangu ya kizee. Ongeza."

Nikafika saba, mahali ambapo sikuwahi kufika tangu niinunue, na pale taa ikaelemewa. Noti ikakwaruza mwishoni, ikapasuka kidogo, ikalia ile sauti ya majarubani. Mama aliuweka ungo sakafuni, akanyanyuka, akaenda kufunga mlango wa uani ili sauti isitoke nje, akarudi kukaa.