Ratiba ya Basi la Manjano

Jumanne asubuhi, ndani ya basi la mjini hapa West Side, Buffalo, Marekani, mbele yangu waliketi akina mama wawili Wakongo, mtu na wifi yake, wakipanga ratiba ya wiki nyuma ya bahasha. Mmoja ameamua kumfundishia binti yake nyumbani tangu mtoto apigwe shuleni. Binti mwenyewe, wa miaka minane hivi, alikaa katikati yao.

"Bon, haya, hesabu kila asubuhi," alisema mama. "Jumamosi pia, kama kwetu."

"Na kucheza inje?" akauliza wifi.

Kalamu ikasimama. "Saa tisa na nusu. Basi ya manjano ya shule ikishapita, njo atoke."

"Juu ya nini? Si ulipewa ruhusa ya kumufundisha nyumbani?"

Mama akagusa mfuko wa nailoni uliokuwa mapajani. "Barua iko. Lakini jirani akimuona inje asubuhi, saa ya masomo, ataita polisi kwanza, barua bataiuliza nyuma. Banaweza kuninyanganya mutoto."

Nami, mwenye makaratasi kamili na miaka mingi hapa, nikajikuta napapasa koti kuona kama kitambulisho changu kipo.

Kwenye taa nyekundu, basi la manjano likasimama sambamba nasi. Bila kuambiwa, binti aliinama taratibu mpaka kichwa kikawa chini ya dirisha, akakaa hivyo hadi tulipoondoka.

Somo hilo halikuandikwa kwenye bahasha, na mtoto ameshalifaulu.