Mikono ya Bwana Harusi

Mpiga picha wa Temeke alikuwa bado anajifunza kuunga picha ndefu. Hupiga kipande, akaigeuza kidogo kamera yake ya sanduku, akapiga kingine, huku akifoka, "Msipumue!" Vipande huviunga kwa gundi ya muhogo, akilamba dole gumba na kulainisha kila kiungo. Mwamvita alipofuata picha ya harusi ya binti yake, alimkuta bwana harusi ana mikono mitatu: mmoja umemshika mkewe, mmoja uko gotini, wa tatu uko begani kwa shoga wa bibi harusi.

"Umeniharibia mkwe!"

"Mie sijaongeza kitu, mama. Nilipogeuza kamera, alihamisha mkono mwenyewe." Akachukua mkasi kwa upole. "Nikate upi?"

Mwamvita akaifutika picha ndani ya khanga.

"Usikate, baba. Nampelekea mwenyewe achague."