Nilivyompeleka Mkwe Kutazama Muuaji

Mimi ndiye mjinga aliyempeleka baba mkwe sinema. Niliyetaka awe baba mkwe, niseme ukweli, maana mahari ya binti yake ilikuwa bado inazungumzwa.

Mtu wa kukaa nyumbani kama mimi, mwenye kidato cha nne na kuku sita, sinema niliyoijua ni ile ya gari la serikali lililokuja sokoni Mosocho kutufundisha kuchuma chai. Basi mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipoona mjini Kisii bango la mwanamume ameshika shoka mbele ya shamba, nikasema hii ni ya kilimo. Mzee alikuwa mkulima wa chai kule Gesima. Nikajiona nina akili!

Jumapili, baada ya kanisa, tukaketi ndani ya sinema, nikiacha kiti kimoja wazi kati yetu kwa heshima.

Shamba lilionekana kidogo tu. Kisha mwanamke akaanza kuvua nguo, mwenye shoka akimchungulia dirishani. Kwetu mtu na mkwewe hawaoni uchi pamoja, hata wa picha. Hiyo ndiyo ensoni, aibu ya wakwe, na ikishavunjwa watu hukwepana njiani. Nikakazia macho viatu vyangu.

Mzee akakohoa. "Kijana, chai iko wapi?"

"Itakuja, baba."

Haikuja. Ilikuja damu. Yule mwanamke, kisha jirani yake, kisha mzee mmoja aliyekuwa amelala zake. Nilingoja tuambiwe muuaji alikosewa nini, au ndugu waje walie. Wapi! Hakuna aliyelia, hakuna kaburi lililochimbwa. Muuaji akanawa mikono, akakaanga mayai, picha ikaisha. Hata ningekuwa peke yangu ningetoka na huzuni: watu wote wale wamekufa, na hakuna hata mmoja aliyeuliziwa.

Nilipogeuka, kiti cha mzee nacho kilikuwa kitupu.

Nikatuma wazee wawili wakaombe msamaha. Hawakukaribishwa hata uji. Bado kila asubuhi nilifagia uwanja, nikisema labda leo kwa mzee watatuma mtu. Miezi miwili ikapita hivyo, mpaka mama jirani akasimama kwenye ua na mtungi wake.

"Wewe, weka huo ufagio chini. Yule msichana ameolewa Keumbu tangu wiki jana, na hakuna mtu anakuja hapa."